Kifua cha Kuazima

Bukavu, 15 Januari 2024

Kwa wafanyakazi wote wa sehemu ya kujaza magunia,

Wapendwa wenzangu,

Kiwanda chetu kinasaga unga wa kulisha mji mzima, lakini anayeusaga, nani anaangalia afya yake? Kuanzia sasa ni sisi, ofisi mpya ya bien-être, yaani ya ustawi wa wafanyakazi. Jumamosi tarehe 27 tutafanya Siku ya Afya Kazini. Tutanyoosha viungo kwa muziki pale uwanjani, tutakula mananasi na parachichi, na kila mmoja atapata tisheti yenye maneno "Afya Yako, Nguvu Yetu". Kisha muuguzi wetu Nathalie atampima kila mtu: uzito, presha, makohozi na picha ya kifua.

Najua kuna maneno yanayopita chini kwa chini juu ya vipimo vya mwaka jana. Sikuwa hapa mwaka jana na siwezi kuyajibia. Lakini mwaka huu direkta ameniahidi kwa maandishi: hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya ugonjwa. Atakayekutwa anaumwa atatibiwa, atapumzika kwa mshahara, na nafasi yake itamngoja. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Njooni bila hofu!

Wenu katika afya,
Élodie, Ofisi ya Bien-être

*

Kadutu, 18 Januari 2024

Yaya Fikiri,

Kaka yangu, natumaini barua hii imekukuta unacheka, maana mimi huku sicheki. Nimeandika kwa sababu simu yenu anaishika Consolate, na haya si maneno ya kusikia mkeo. Papa Xavier wa taxi-bus atakukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Kazini wanataka kutupima vifua. Unamkumbuka Benoît, yule tuliyekula naye Noeli? Mwaka jana walimpima, wakamwambia apumzike kidogo nyumbani. Mpaka leo anapumzika. Anauza makala ya kupikia, haya makaa, sokoni hapa Kadutu, na mke wake amerudi kwao. Sasa wametuletea dada mmoja mzuri wa maneno, anasema mwaka huu mambo ni mengine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, yaya. Mimi nakohoa. Ni unga tu, kila anayejaza magunia anakohoa, lakini mashine haitajua kuwa ni unga.

Wewe ni mtoto wa baba mkubwa, na sura yako na yangu hata bibi alikuwa anazichanganya. Picha kwenye kadi yangu ya kazi imefifia. Muuguzi ni mgeni na watu ni wengi, ataangalia kadi, hataangalia mtu. Wewe ulichimba mawe machimboni miaka yote ile ukarudi na kifua kama mlango wa kanisa. Niazime hicho kifua asubuhi moja tu. Watoto wangu wako shuleni, yaya, na sina kazi nyingine.

Mdogo wako,
Mugisho

*

Nyangezi, 21 Januari 2024

Mdogo wangu Mugisho,

Huku wazima, hata mbuzi. Wewe ndiye mgonjwa, na ugonjwa wako ni woga, huo hauna dawa.

Kwa hiyo mtu wa mjini, mwenye kadi yenye picha, anakuja kuazima kifua kwa mkulima wa mihogo? Nilicheka mpaka Consolate akaniuliza nina nini, nikamwambia nimemkumbuka bibi. Nitakuja. Ndugu ni wa kufaana. Lakini ile tisheti ni yangu, usije ukaidai. Na siku ukija Nyangezi utaninunulia kasiksi, tunywe mpaka ndizi zote za kilima ziishe.

Kaka yako mwenye kifua,
Fikiri

*

Nyangezi, 28 Januari 2024

Mugisho,

Kadi yako iko ndani ya bahasha. Sikupita kwako jana kwa sababu Papa Xavier alikuwa anapiga honi kana kwamba barabara ni ya baba yake.

Ulikosa sherehe! Tulicheza uwanjani, yule Madame Élodie yuko mbele yetu na filimbi, jasho linamtoka, anapiga kelele "Pumua! Pumua!" Msichana mzuri, hana majivuno. Alinishika mkono akasema, "Papa Mugisho, weye unacheza muzuri, utatufundisha." Nikaitika jina lako kama nimezaliwa nalo.

Muuguzi hakuniangalia usoni hata mara moja, ulisema kweli. Alinigonga mgongoni akasema, "Hii njo kifua ya mwanaume." Wakanipa kikopo niteme. Wenzako walikuwa wanahangaika kutafuta makohozi, mimi nilitoa mara moja, yangu yako karibu siku zote, hasa asubuhi. Wakacheka, nami nikacheka. Kisha picha. Basi tulia, kazi yako imepona.

Tisheti ni kubwa kidogo, au mimi nimekonda. Consolate anadhani ni ya kampeni ya uchaguzi.

Fikiri

*

Bukavu, 9 Februari 2024
SIRI

Papa Mugisho,

Nakuandikia kwa mkono wangu ili pasiwe na mtu wa katikati. Picha ya kifua chako ina doa upande wa kulia, na makohozi yamethibitisha: ni kifua kikuu. Usivunjike moyo. Ukimeza dawa miezi sita bila kukatiza, utapona kabisa. Ukikatiza, ugonjwa unarudi na hasira. Usipotibiwa, utakuua, na utawaambukiza walio nyumbani.

Niliyoahidi mbele ya wote nayatimiza. Kuanzia Jumatatu utapumzika nyumbani kwa mshahara mzima. Nathalie atakupa vidonge kila wiki. Meza asubuhi kabla ya kula, na usishtuke mkojo ukiwa mwekundu, ni rangi ya dawa. Fungua madirisha, funika mdomo ukikohoa. Hakuna mwenzako atakayejua.

Nakumbuka ulivyocheza siku ile. Utacheza tena.

Élodie

*

Kadutu, 11 Februari 2024
(Barua hii haikutumwa.)

Yaya,

Kaa chini kwanza. Kile kifua walichokipiga picha kina ugonjwa, na kile kifua si changu. Ni kifua kikuu, yaya. Kumbe yale machimbo hayakukurudisha mzima.

Nikikuambia, utakwenda kituo cha afya. Watakuuliza ulijuaje. Consolate ataniuliza. Nyangezi si mbali, maneno yatapanda taxi-bus yafike kiwandani, na mtu aliyedanganya vipimo haitwi mgonjwa, anaitwa mwizi. Hapo hata ahadi ya Madame Élodie haitanifunika. Nisipokuambia

*

Kadutu, 11 Februari 2024

Yaya Fikiri,

Shukrani zangu hazina kipimo. Majibu yametoka mazuri kabisa, wamekisifu kifua chako. Kazi iko salama.

Kiwandani wanatugawia vitamini kali za Ulaya, za kuongeza nguvu. Nimeona nikupe wewe zangu zote, maana ndiye uliyezitolea jasho. Meza kila asubuhi kabla ya kula, usiruke hata siku moja. Mkojo utakuwa mwekundu, usiogope, ni nguvu ya vitamini. Papa Xavier atakuletea nyingine kila wiki. Na huko nyumbani mfungue madirisha, hewa safi ni nzuri kwa watoto.

Usimpe mtu mwingine, yaya. Ni za mwili wako.

Mugisho

*

Nyangezi, 17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Usipime uzima wangu kwa barua, uje uone nilivyolima. Vitamini zako si mchezo. Lile jasho la usiku lililokuwa linalowesha shuka limekauka, na nakula sahani ya mtu na sahani ya mgeni. Nilipoanza nilikojoa Fanta! Baba alinikuta nyuma ya migomba, akaona, akarudi nyuma kama ameona nyoka. "Hii njo karuho," akasema. "Mutu amekutilia sumu mu chakula." Unawajua wazee wetu, huku kila kikohozi kirefu ni karuho, kila aliyekonda amelishwa sumu ya polepole na jirani au mke. Nilimcheka. Lakini tangu siku hiyo anamtazama Consolate anaposonga ugali, jambo hilo silipendi.

Nilipojisikia nina nguvu nikaacha kumeza. Mtu mzima anywe nguvu za nini? Gloire wangu ni mwembamba, unamjua, nikaanza kumpa nusu asubuhi. Anatapika, anasema ni chungu. Vilivyobaki nimeweka ndani ya mkebe wa chai, vya siku za kulima shamba la kule juu. Kitu kizuri hakiliwi peke yako, Mugisho. Hata wewe usingenipa kama ungekuwa mchoyo.

Fikiri

*

Kadutu, 20 Machi 2024

Madame Élodie,

Nakushukuru kwa wema wako wote. Nina swali. Nina ndugu kijijini, mtoto wa baba mkubwa, anakohoa kama mimi. Je, kiwanda kinaweza kumtibu naye kimyakimya, bila kumuuliza mambo mengi? Yeye ni mtu mwema na ana watoto.

Kwa heshima,
Mugisho

*

Bukavu, 25 Machi 2024

Papa Mugisho,

Swali lako limenigusa, linaonyesha moyo wako. Mpango wetu unafika kwa mke na watoto wa mfanyakazi tu, haufiki kwa ndugu. Lakini usihangaike! Kituo cha afya chochote cha huko kwao kitampima na kumpa dawa za kifua kikuu bure. Huhitaji kiwanda. Unahitaji kumwambia tu: "Ndugu yangu, nina wasiwasi huu ni kifua kikuu, nenda ukapimwe." Sentensi moja, Papa Mugisho.

Na sasa habari njema: makohozi yako ya juzi ni safi! Nathalie anasema hajawahi kuona mtu anayepona haraka hivi, hata uzito hukupoteza. Wiki ijayo utarudi kazini, dawa utaendelea kuzichukua. Nimeomba mashine ya kuvuta vumbi kwa ajili ya sehemu yenu, na ripoti juu yako ndiyo iliyomlainisha direkta. Mwaka ujao utatusimulia ulivyopona, Siku ya Afya, mbele ya wote. Wewe ndiye ushuhuda wangu.

Élodie

*

Kadutu, 28 Machi 2024

Yaya,

Nakuomba kwa jina la bibi, usimpe Gloire vile vidonge. Vimeze mwenyewe, vyote, kila siku, hata ukijisikia mzima. Hasa ukijisikia mzima.

Tena nimesikia huko Nyangezi wanapima watu bure pale kituo cha afya. Nenda tu ukapimwe, kama kawaida, kama mtu anavyopeleka baiskeli kwa fundi kabla haijaharibika. Mpeleke na mtoto. Usiniulize kwa nini. Nenda.

Mugisho

*

Nyangezi, 9 Juni 2024

Mugisho,

Samahani nimechelewa kujibu, kilimo kilinibana, na mkono umekuwa mzito.

Kwenda kupimwa nini tena? Nilipimwa Bukavu kwa mashine ya kiwanda, ya watu wakubwa, na wewe mwenyewe uliniandikia kuwa majibu ni mazuri kabisa. Barua hiyo hata sikuichoma kama zile nyingine. Baba aliponitafutia mganga wa karuho nilimsomea maneno yako kwa sauti, akaacha kumtafuta. Nikaficha tu kwamba niliingia kwa jina lako. Sasa niende kupanga mstari tangu alfajiri ili muuguzi wa hapa aniambie nilichokwisha kuambiwa? Wewe na woga wako! Umetoka kwenye kifua chako umeingia kwenye changu.

Kikohozi kimerudi kidogo, ni vumbi la kiangazi. Vitamini nameza nikikumbuka. Tisheti sasa inanizunguka kama kanzu ya padri, Consolate ananicheka, halafu akigeuka naona hacheki.

Ile kasiksi nakungoja nayo. Mbona huji?

Fikiri

*

Bukavu, 16 Septemba 2024

Papa Mugisho,

Hongera! Matibabu yako yamekamilika, na majibu ya mwisho ni safi kama mwanzo wa mwaka mpya. Picha yako tumeibandika mlangoni kwa kantini, chini yake tumeandika: "Hakuogopa kupimwa." Wafanyakazi wanasimama kuitazama. Hata wale waliokimbia mwezi wa kwanza wameanza kuja ofisini kwangu wenyewe, na wawili wameshaanza dawa. Unaokoa watu bila kujua.

Sikuwahi kukuuliza: yule ndugu yako alipimwa?

Élodie

*

Nyangezi, 20 Oktoba 2024

Mugisho,

Barua hii haina salamu. Fikiri tulimzika, unajua, maana ulituma gunia la unga kwa Papa Xavier na maneno ya pole, ukasema kazi zimekubana. Unga tuliupika. Watu wa matanga walikula.

Nikuambie yale ambayo hukuja kuyaona. Mwezi wa nane alianza kutema damu. Baba yake akasema karuho imefika mwisho, akamleta mganga wa kutapisha. Wakamnywesha majani, akatapika mpaka akalegea. Mimi nilisema twende kituo cha afya, wakasema mwanamke aliyelisha sumu ndiye anayetaka kuwahi kwa daktari ili afiche. Fikiri mwenyewe aliwasaidia kukataa. Alikuwa anasema, "Si Mugisho aliandika majibu iko muzuri? Basi haiko kifua." Barua yako ilikuwa chini ya mto wake. Alikuwa anaionyesha kwa kila aliyekuja.

Nilimpakia kwenye pikipiki kwa nguvu zangu, na kaka yangu akamshikilia kwa nyuma. Pale kituoni nilimpa muuguzi ule mkebe wa chai, nikasema labda ni hivi vitamini vimemdhuru. Akavimwaga mkononi, akavitazama, akanitazama. "Mama, hii dawa ya kifua kikuu mulitoa wapi?" Fikiri ndiye aliyejibu. Alinisimulia yote pale kitandani, jinsi alivyocheza kwa jina lako, jinsi alivyotema mbele ya wenzako. Alikuwa bado anaiona kuwa hadithi ya kuchekesha. Alicheka, akakohoa, kisha nikaona usoni mwake kwamba amefika mwisho wa hadithi na ameuelewa. Hakusema neno baya juu yako. Aligeukia ukutani. Asubuhi alikuwa amekwenda.

Sitaki kukulilia, machozi yangu yana kazi nyingine. Nakuchukia, Mugisho, nalisema ili usije ukadhani nimesamehe kwa kuwa ninaandika vizuri. Ulikuwa na neno moja mdomoni, la bure, ukamtumia vidonge kila wiki ili usilitoe.

Sasa sikiliza. Mkutano wa ukoo utakaa Jumapili ijayo. Wanataka nirudi kwetu bila watoto, kwa kuwa nimemuua mwana wao kwa karuho. Muuguzi aliwaeleza, wakasema nimemhonga. Nikawaambia juu ya kifua cha kuazima, wakasema ninakusingizia, maana barua ya Mugisho, mtu wa kazi, mtu wa mjini, inasema majibu yalikuwa mazuri. Wanainyanyua juu kama hati ya shamba. Neno langu halishindi karatasi yako.

Na Gloire anakohoa. Tangu mazishi anakohoa. Babu yake amekwisha kumwita yule mganga wa majani, naye hataki nimguse mtoto wala nimtoe nje ya uwanja. Nina mpaka Jumapili.

Kwa hiyo usitume unga. Usitume pole. Usithubutu kutuma vitamini. Njoo na kadi yako ya kazi, usimame mbele yao, uutaje ugonjwa kwa jina lake, useme ulikuwa wa nani na tangu lini ulijua. Kama miguu yako itakataa, basi andika, karatasi yako wataiamini. Papa Xavier atakungoja Ijumaa.

Fikiri alikuwa akimaliza barua zake kwa kukutania, mimi sijui utani. Hali yako sikuulizi. Najua wewe ni mzima. Ulikuwa mzima tangu mwanzo.

Consolate,
mjane wa Fikiri